Kalamu Nane na Mtani Mmoja

Asubuhi ile Mzee Telesphor aliamka akiwa na neno moja tu. Mengine yote yalikuwa yamehama bila kuaga. Alikaa kitandani, mkono wa kulia umemlalia pajani kama mgeni aliyechoka na safari, akamtazama mkewe, akafungua mdomo kuomba maji, akasema:

"Keshokutwa."

"Keshokutwa nini?" mkewe akauliza.

"Keshokutwa," akajibu, kwa sauti ya mtu mwenye kiu, akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mtungini.

Alipewa maji. Alipomaliza kunywa alishukuru, na shukrani nayo ikatoka hivyohivyo: keshokutwa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Watu wa pale walikuwa wamekusanywa kijijini mwaka mmoja nyuma, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya shamba la shule, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini Mpanda. Kijiji kizima kilimjua Telesphor. Alikuwa Mpimbwe, mrina asali. Mizinga yake ilining'inia katika msitu wa Ugalla, na ulimi wake ulining'inia katika kila mazungumzo. Harusi ikipoa, aliitwa. Kikao kikisinzia, yeye ndiye aliyekiamsha. Sasa watu walikuwa wanakuja kumpa pole, wanakaa, wanamsemesha taratibu kama mtoto anayeota meno, wanapangusa macho, wanaondoka. Hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake. Pelagia aliona wazi kwamba huruma ile ilikuwa inamla mumewe kuliko ugonjwa wenyewe.

Pelagia ndilo lilikuwa jina la mkewe, lakini halikuwa na mtumiaji. Tangu azaliwe binti yao Eufrazia, dunia nzima ilimwita Mama Eufrazia: majirani, padri, hata mama yake mzazi. Mtu mmoja tu aliendelea kumwita Pelagia, akiwa chini, akiwa juu ya mti, akiwa amekasirika. Na mtu huyo sasa alikuwa na neno moja, tena si hilo.

Kati ya wote waliotegemewa kuja kutoa pole, mmoja tu hakuonekana. Huyo ni Maduhu, Msukuma wa ng'ombe, mtani wa Telesphor. Alikuwa amekwenda kwao kaskazini kuoza kijana wake, na habari za kiharusi hazikuwa zimemfikia. Maduhu aliposhuka na ng'ombe wake Mpanda miaka ile ya nyuma, swali lake la kwanza halikuwa malisho yako wapi, bali mtani wangu ni nani. Alisema babu yake aliwahi kutaniana na Wafipa, na kwa kuwa Mpimbwe ni jirani wa Mfipa, basi Telesphor ni wake. Hesabu hiyo hakuna aliyeikagua. Siku ileile aliingia jikoni kwa Pelagia, akafunua chungu, akala nyama, akasema haina chumvi. Toka hapo wakawa hawaachani.

Mambo yangeweza kutulia kama si ziara ya mgeni kutoka wilayani, mwezi wa tatu wa ugonjwa. Melkior, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa mtu mwema, ila mwenye wasiwasi kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Aliwapanga wananchi mstari, wagonjwa kwa wazima, ili idadi ionekane nzuri. Mgeni akapita akiuliza habari za vyoo, akasimama mbele ya Telesphor.

"Mzee, choo umeshachimba?"

"Keshokutwa."

"Na shamba? Umepalilia?"

"Keshokutwa."

"Kwa hiyo kwako wewe kila kitu keshokutwa?"

"Keshokutwa!" Telesphor akakubali kwa furaha, maana hatimaye amepatikana mtu wa kumwelewa.

Mstari ukavunjika kwa kicheko. Watu walishikana mabega, mama mmoja alikaa chini kabisa akijipiga mapaja. Mgeni akaondoka, daftari amelibana kwapani, na Melkior akabaki amesimama peke yake jua likimpiga kwenye upara.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Pelagia.

"Mama Eufrazia, mumeo amerukwa na akili."

"Hapana, mwenyekiti. Amerukwa na maneno tu."

"Kuna tofauti?"

"Ipo."

"Nionyeshe."

Pelagia alimwita mumewe, naye akaitika keshokutwa. Melkior akaandika barua. Telesphor apandishwe treni ya Jumatano ijayo, apelekwe Tabora, na kutoka Tabora asonge mbele mpaka hospitali ya wagonjwa wa akili. Msindikizaji amepatikana. Kilichobaki ni sahihi ya daktari.

Pelagia aliisoma barua ile mara mbili. Hakuogopa hospitali. Aliogopa kitu kidogo zaidi: mtu asiyeweza kutaja jina lake wala la kijiji chake, akishateremshwa kwenye behewa kule mbali, nani atajua pa kumrudisha? Ataulizwa kwao ni wapi, atasema keshokutwa. Ataulizwa mke anaye, atasema keshokutwa. Wataandika kichaa, na karatasi ikishaandikwa imeandikwa.

Treni ya Jumapili ikaleta daktari. Mpanda ilizoea wageni wanaokuja kutafuta dhahabu chini ya ardhi. Huyu alikuja kutafuta maneno chini ya fuvu. Aliitwa Daktari Nathanael, kijana kutoka Dar es Salaam, nywele zimesimama kama kichuguu, suruali ya bugaluu inafagia sakafu ya hospitali ya misheni kabla wafagiaji hawajafika. Alikuwa anazunguka mikoani kuwachunguza watu waliopotewa na maneno, na alibeba mashine ya kupima umeme wa ubongo iliyohitaji watu wanne kuishusha behewani. Angerudi kwa treni ileile ya Jumatano.

Jumatatu Pelagia alimpandisha mumewe kwenye keria ya baiskeli, akaisukuma mpaka mjini. Melkior alitangulia na barua yake mfukoni.

Daktari alipanga mezani kijiko, ufunguo na kiberiti.

"Shikamoo, mzee."

"Keshokutwa."

"Hiki kinaitwaje?"

"Keshokutwa."

"Na hiki?"

Telesphor alivuta pumzi, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikatokeza, kama anayeinua gogo. "Kesho… kutwa."

"Si niliwaambia?" Melkior akanong'ona.

"Nyamaza kidogo, mwenyekiti. Mzee, sasa usiseme kitu. Nielewe tu. Gusa pua yako."

Telesphor alimtazama yule kijana. Akatazama suruali yake. Kisha akageuza uso, akatazama dari, mdomo ameubinua. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, ameoza binti mmoja, ameangua asali kwenye miti ambayo nyani wenyewe huikwepa, na leo anaambiwa na kijana wa jana aguse pua.

Pelagia alimfahamu. Alijua kabisa kwamba ile ilikuwa hasira ya mtu mzima. Lakini daktari aliandika kitu kwenye daftari, na sura yake haikuwa nzuri.

"Hajanionyesha kama anaelewa," alisema. "Kama haelewi, mama, siwezi kuikataa barua hii. Kesho tutampima kwa mashine. Tuone."

Jumanne asubuhi uwanja wa hospitali ulijaa kama siku ya Pasaka. Habari zilikuwa zimeenea kwamba imekuja mashine inayoandika mawazo ya mtu kwenye karatasi. Mama mmoja alimleta mumewe kwa nguvu, akataka aunganishwe kwa dakika tano tu, ana swali lake moja. Marsela, dada yake Telesphor anayekaa mtaa wa Kawajense, naye alifika na kitenge kipya.

"Wifi, mimi nataka ijibu kitu kimoja," alimwambia Pelagia. "Tulipokuwa watoto nilifuga kuku, mwekundu, mzuri. Akapotea siku ya Krismasi. Miaka arobaini nauliza nani alimla, Telesphor ananiambia mwewe. Mwewe gani anaacha mifupa imechemshwa?"

"Wifi, kaka yako ni mgonjwa!"

"Ndiyo maana naharakisha."

Marsela alikuwa mwanamke mwepesi wa machozi. Kilio chake kilijulikana mpaka ng'ambo ya reli. Watu walisema akianza yeye, hata wasiofiwa hukumbuka mtu. Sista Romana, muuguzi aliyekuwa anamsaidia daktari, alimpeleka nje na kufunga mlango. Wakabaki chumbani daktari, sista, Melkior na Pelagia.

Telesphor alilazwa chali. Kichwani alivishwa kofia ya mikanda ya mpira, na chini ya mikanda daktari akachomeka vidude vya chuma, kila kimoja na waya wake, akivibandika kwa uji mweupe mzito. Pamba zilijazwa masikioni na kandokando ya uso ili uji usimwingie machoni. Shuka nyeupe ilimfunika mpaka kidevuni. Jenereta ya misheni ikakohoa huko nyuma, mashine ikawaka taa nyekundu, na kalamu nane zikaanza kuchora mistari minane kwenye karatasi iliyokuwa inatembea yenyewe.

"Mzee, fumba macho. Usiongee, usitikisike, usifumbue macho mpaka nikuambie. Kama umelala."

Kalamu zilikwenda taratibu, mawimbi madogo kama ya maji ya bwawani. Daktari aliinama, akaonyesha kwa kidole. "Unaona, sista? Upande wa kulia mawimbi ni ya haraka, mazuri. Huku kushoto ni mazito, yanajikokota. Hapa ndipo palipoumia. Hapa ndipo pana—"

Ghafla kalamu zote nane zilirukaruka kama panzi kwenye kikaango.

"Degedege!" Daktari akapiga kelele kwa furaha. "Sista, andika saa! Degedege la kimyakimya! Halafu linakwenda kwa mapigo! Moja, mbili, tatu… Angalia, limetulia. Linaanza tena!"

Pelagia alimtazama mumewe, akaona shavu linavyopanda na kushuka. Akamfungua mdomo, akaingiza kidole, akatoa bonge la nta ya nyuki.

"Anatafuna masega, daktari," alisema. "Akiwa na wasiwasi hutafuna masega."

Daktari aliitazama ile nta kwa muda mrefu. "Sista," akasema, "futa saa."

Walianza upya. Telesphor alifumba macho kwa utiifu, amenyooka, mweupe wa uji na pamba, hatikisiki hata kope. Na wakati huohuo, dirishani, Marsela alikuwa amepata tofali la kupandia.

Alichungulia. Aliona kaka yake amefunikwa shuka mpaka kidevuni, pamba masikioni, macho yamefumbwa, Pelagia ameinamisha kichwa pembeni, mwenyekiti amevua kofia kwa sababu ya joto. Hakusubiri kuuliza. Aliruka kutoka kwenye tofali, akajifunga kitenge kiunoni, na kabla hajafika barabarani kilio kilikuwa kimeshafika Kawajense.

Na Kawajense ndiko alikokuwa anakaa Maduhu. Alikuwa ameshuka kwenye treni ya Jumapili, amelala siku mbili kwa uchovu wa harusi, na ndiyo kwanza alikuwa anaulizia mtani wake yuko wapi. Marsela alimpita njiani mikono kichwani. "Kaka yangu! Wamemfunga pamba! Hospitali ya misheni!"

Maduhu alisimama. Wanaosimulia wanasema alisimama kitambo, ameegemea fimbo yake, machozi yanamtiririka. Halafu akajipangusa, akageuza shati, akalivaa ndani nje, akaelekea hospitali mbio. Machozi ni kazi ya ndugu. Mtani msibani ana kazi nyingine. Yeye huingia anacheka, huvaa viatu vya marehemu, humtukana, hudai urithi, huzuia maziko mpaka apewe anachotaka, na hakuna wa kumkataza, kwa sababu bila yeye kilio hakina pa kuishia.

Mlango wa chumba cha mashine ulifunguka kwa teke.

"Nani kawaambia mumpake unga? Mnataka kumkaanga?"

Daktari alishtuka. "Wewe ni nani? Toka! Tunapima—"

"Mpime kitu gani, kichwa hiki? Mnapima debe tupu!" Maduhu alikuwa ameshavua viatu vyake, ameingiza miguu kwenye katambuga za Telesphor zilizokuwa chini ya kitanda. "Mnaona? Zinanienea! Aliziazima kwangu huyu!" Akachukua kofia ya Telesphor msumarini, akaiweka kichwani. "Na hakuna kuzika mtu hapa. Mpimbwe huyu halali ardhini mpaka baiskeli yake iwe mkononi mwangu. Iko wapi?"

Sista Romana alimshika mkono kumtoa, kisha akaangalia shati lililogeuzwa, akaelewa, akauachia mkono. Alikuwa mtu wa hukuhuku. Mtani wa msiba hatolewi, hata kama msiba haupo.

Pelagia alitaka kusema. Alifungua mdomo kusema, "Shemeji, huyu mzima." Lakini aliona kitu, akanyamaza. Pembe ya mdomo wa Telesphor ilikuwa inatetemeka. Macho yamefumbwa kama alivyoagizwa, mwili umenyooka kama gogo, lakini pembe ya mdomo inatetemeka, na kule mezani kalamu mbili za mwisho zilikuwa zimeanza kucheza.

Maduhu alikuwa amempa mgongo, anawahutubia Melkior na daktari.

"Mizinga yake naichukua. Najua nyuki watafurahi, walishachoka kuvuta harufu yake. Mbwa wake namchukua, ingawa mbwa mwenyewe mvivu, amefuata mwenye mbwa." Akamgeukia Pelagia, akapiga magoti, akavua ile kofia. "Na huyu mjane, jamani, huyu tusizungushane. Ng'ombe watatu nje, namrithi leoleo. Mke wetu, chukua kanga zako twende. Ulikuwa umeolewa na nyani aliyenyolewa, sasa utajua mume!"

Kalamu nane zilipiga kelele.

Telesphor aliketi. Aliketi kwa pigo moja, waya zikivutana kichwani kama mizizi, macho yametoka, na kutoka kinywani mwake, kinywa kilichokuwa na neno moja kwa miezi mitatu, yakamiminika:

"Wee Maduhu! Pelagia aolewe na wewe? Wewe unayenuka maziwa mpaka ndama wanakuita mama? Toka! Nenda kaoe ng'ombe wako, mla michembe wee!"

Maduhu alitoa ukelele ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia kwake kabla wala baada, akatokea dirishani. Chini ya dirisha alikuwa amerudi Marsela kuongeza kilio. Wakaanguka pamoja, na Marsela, akiwa chini, akalia kwa ajili ya watu wawili. Nje umati ukatawanyika, wengine wakapiga ishara ya msalaba, yule mama aliyemleta mumewe akamwacha. Kalamu moja ilikuwa imechomoka na kurusha wino ukutani. Daktari Nathanael aliruka juu na kushuka na kuruka tena, bugaluu zikipepea kama bendera.

"Amesema! Mmemsikia? Sentensi nzima! Sentensi tano! Sista, saa! Andika saa!"

Pelagia hakuruka. Alikuwa amekaa sakafuni, mkono mdomoni. Miezi mitatu hakuna mtu aliyekuwa amemwita jina lake. Alicheka, akaona anacheka na machozi, akaamua asijali ni yapi yalianza.

Kichwa cha Maduhu kilichomoza dirishani polepole, majani kwenye nywele.

"Ati umesemaje?"

"Mla michembe!" Telesphor akarudia lile tusi la viazi vikavu vya Kisukuma, uso unang'aa.

"Basi mzima," Maduhu akasema, akaanza kulia.

Daktari alishika mikono ya Telesphor yote miwili. "Mzee wangu! Sasa niambie mimi. Huyu mama, mkeo, anaitwa nani?"

Telesphor alimtazama Pelagia. Alivuta pumzi. Shingo ikatoa mishipa. Midomo ikakusanyika, ikatafuta, ikatafuta.

"Keshokutwa," alisema, na mabega yakaanguka.

Jenereta ikasikika tena. Melkior akapapasa mfuko wenye barua, akaitoa, akaikunjua mezani. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Kesho ilikuwa Jumatano, na msindikizaji alishalipa nauli.

"Daktari, matusi hata kasuku anaweza," alisema. "Wewe mwenyewe ulisema lazima aonyeshe kama anaelewa."

Daktari alikuna kichuguu chake. Alitazama kijiko, ufunguo na kiberiti vilivyokuwa bado mezani. Kisha akatazama dirishani.

"Bwana Maduhu, hebu ingia. Kwa mlango, tafadhali. Vitu hivi, muulize wewe. Lakini usimuulize kama mimi. Muulize kama wewe."

Maduhu alipangusa pua kwa shati lililogeuzwa. Akachukua kijiko, akakiinua juu, akakigeuzageuza.

"Hiki Wapimbwe hamkijui. Nyie mnabugia kwa mikono miwili. Nitakusaidia: hili ni jembe la babu yako, ndilo alilolimia, ndiyo maana mlikufa njaa."

Telesphor alicheka mpaka kitanda kikalia. Akampokonya kijiko, akakipeleka mdomoni akala hewa, akajifuta midomo kwa madaha, halafu akampiga nacho Maduhu kwenye paji la uso: ko.

"Mh," akasema daktari.

"Na huu ufunguo," Maduhu akaendelea, anasugua paji, "ndio nitakaofungulia nyumba yako ukishapanda treni kesho. Nitalala upande wako wa kitanda."

Cheko lilikatika. Telesphor aliuchukua ufunguo kwa mkono wa kushoto, akautumbukiza ndani ya shati lake, akafunga kifungo. Kisha akaichukua ile barua mezani, akaikunja, akaikunja tena, akaiweka chini ya makalio, akaikalia.

"Gusa pua yako basi," Maduhu akasema, "kama unayo!"

Telesphor alinyoosha mkono, akaishika pua ya Maduhu, akaizungusha kama anayefungua bomba.

Hapo ndipo kilipotokea ambacho Pelagia hakukitegemea. Melkior alicheka. Alianza kwa pua, akajizuia, akashindwa, akaegemea mashine ya daktari na kucheka mpaka kofia ikamdondoka mkononi, akacheka na ziara ya mgeni, na daftari la kwapani, na vyoo vyote ambavyo havijachimbwa.

"Mwenyekiti," daktari akamuuliza alipotulia, "nisaidie. Wewe unawajua watu wa hapa. Mwendawazimu anaweza kutaniwa?"

Melkior alifikiri, akijipangusa macho.

"Hapana," alisema. "Mwendawazimu hana mtani. Hawezi kujua wapi pa kucheka na wapi pa kukasirika." Akamtazama Telesphor aliyekaa juu ya barua. "Huyu anajua."

"Basi umeshasaini wewe."

Daktari alikaa kitandani, akamweleza Pelagia taratibu. Maneno, alisema, yako ghalani, hayajaibiwa. Kiharusi kimekwamisha mlango wa mbele, ule tunaopitia tukiulizwa kitu. Lakini ghala lina mlango wa uani. Sala zinapita huko, nyimbo, kuhesabu, matusi. Mgonjwa anaweza kushindwa kuomba maji na asishindwe kumtukana aliyemwaga.

"Sasa ule wa mbele utafunguka?"

"Sijui, mama. Pengine kidogo kidogo. Ila mlango wa uani usiachwe ufungwe." Akaitazama karatasi iliyokuwa imejikunja sakafuni kama matumbo. Mistari yote ilikuwa imeharibika, wino kila mahali. "Karatasi hii haifai kwa kitu chochote," alisema. "Ni nzuri kuliko zote nilizonazo." Akamkatia Pelagia kipande, pale kalamu zilipopiga kelele.

Kisha akaandika cheti, na Sista Romana akakisoma kwa sauti ili mgonjwa asikie: mgonjwa ana akili timamu, asipelekwe popote, atukanwe mara mbili kwa wiki, baada ya chakula.

Jumatano treni ilipiga honi saa zake. Kijijini ilisikika kwa mbali. Pelagia alikuwa ameshafungua kamba ya kuku mwekundu aliyemfunga awe chakula cha mumewe safarini, na kuku akapewa Marsela, kama fidia ya yule wa Krismasi na ya kilio kilichokwenda bure. Telesphor alipomwona dada yake anaondoka na kuku, aliangalia pembeni, akapiga mluzi. Marsela akasema jibu ameshalipata, mashine haihitaji tena.

Pelagia alijaribu. Jioni moja wakiwa wawili, alimwambia mumewe kwamba ni nyani aliyenyolewa. Telesphor alimtazama kwa mshangao, akacheka kwa adabu, akampapasa mkono. Haikuwa kitu. Mke si mtani. Basi ikawa, Pelagia akitaka kusikia jina lake, anamtuma mtu Kawajense. Maduhu anafika, anafunua chungu, anasema hakina chumvi, anapiga magoti uani na kuomba kumrithi mjane wa mtu aliye hai. Na uani kote linasikika: "Pelagia? Aolewe na wewe?"

Ilikuwa hivyo kwa miaka minne. Mlango wa mbele ulifunguka kwa ufa tu: maji, nyuki, hapana.

Mwaka wa vita vya Kagera, Telesphor alipolazwa chali mara ya pili, bila waya, Maduhu alikuja na shati lake limegeuzwa. Alivaa katambuga. Akadai baiskeli, mizinga, mbwa. Akapiga magoti mbele ya Pelagia, akavua kofia, akasema ng'ombe watatu wako nje. Kisha akanyamaza, amegeuza sikio kitandani, anasubiri. Watu wote walisubiri. Marsela aliacha kulia ili asikie.

Pelagia akaona hakuna mwingine wa kujibu.

"Pelagia aolewe na wewe?" alisema. "Wewe unayenuka maziwa mpaka ndama wanakuita mama?"

Na msiba mzima, kuanzia mwenyekiti Melkior mpaka waliokuwa nje wanachoma mahindi, ukaanguka kwa kicheko.